Nywele za Mama Zilitangulia Kufika

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa yanga. Wenzangu wa umri wangu hawahitaji maelezo: yale mahindi ya njano ya msaada, yaliyokuja kwa magunia baada ya mvua kutukimbia, ugali wake unang'aa kama umetiwa binzari, ukikaa kidogo unakuwa mgumu kiasi cha kumpigia mbwa. Harufu yake ilikuwa ya gunia na ya meli. Meli sikuwa nimeiona, lakini baba alisema mahindi yamekuja kwa meli kutoka ng'ambo, nami nikaamua kwamba meli inanuka vile. Tuliula na mlenda, mlenda ukikosekana tukaula na chumvi. Wapo waliosema ugali ule unawafunga wanawake wasizae. Mama yangu alipoanza kutapika asubuhi, wengine wakasema ni yanga, wengine wakasema ni mimba. Hakuna aliyesema ni kichwa.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu juzi mjukuu wangu aliniletea uji wa unga wa njano. Mjukuu huyu anasomea uuguzi na mimi najivuna naye waziwazi, atakayeudhika na audhike. Akaniambia, "Huu ni unga wa lishe, bibi, kunywa." Nikapeleka kikombe mdomoni, harufu ikanifikia kabla ya uji, nikakiweka chini. Ndipo akauliza, "Bibi, hivi mama yako alipofuka vipi?" Alikuwa amesikia vipande vipande tu, kama wote hapa nyumbani. Nikamweleza. Sasa naandika kama nilivyomweleza, pamoja na yale niliyoyaruka.

Kwetu ni upande wa Ulaya, si ile ya Wazungu, ni kijiji chetu, ukitoka Kilosa unashika njia ya kuelekea Mikumi, mpunga bondeni, mahindi juu kidogo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Mama yangu aliitwa Mwanaidi, mwanamke mrefu, mwenye mdomo, mwenye mkono mzito kwa udongo na kwa watoto vilevile. Kichwa kilianza kumuuma wakati wa palizi. Alikuwa anakikaza kwa kitambaa, anajilaza kifudifudi juu ya mkeka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akasema ndani ya kichwa kuna mtu anatwanga. Mimi nilimwamini kama alivyosema. Nikawa namtegea akisinzia, naweka sikio langu kwenye kichwa chake nisikie mchi. Siku moja nikausikia. Yalikuwa mapigo ya damu yangu mwenyewe sikioni, najua sasa, lakini siku ile nilikimbia kuwaambia wenzangu kwamba mama yangu ana kinu kichwani, na wenzangu wakaja kwa foleni kusikiliza, mpaka mama akaamka akatutawanya.

Wakamfukiza kwa moshi wa majani, maana walisema ni shetani. Akatapika ndani ya chungu cha dawa, mganga akasema shetani mwenyewe mkorofi, akaenda zake. Kisha mama akaanza kugonga vitu. Bega kwenye mlango, goti kwenye kinu. Chai alikuwa anamimina pembeni ya kikombe. Akanilaumu mimi kwamba nahamisha vyombo, na mimi, kwa kuwa kweli nilikuwa mtundu, nikadhani labda nimehamisha.

Aliyegundua ni Bi Sikudhani. Huyu alikuwa jirani yetu na mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa mama wanataniana tangu mababu, maana yake anaweza kukutukana barabarani na huruhusiwi kununa, na siku ukifa ni yeye anayekuja kuwachekesha watu msibani. Alikuwa mwanamke mnene sana, na unene wake alikuwa anautangaza. Asubuhi moja mama akampita kisimani bila kumsalimia.

"Wewe Mwanaidi! Unanipita kama kisiki? Huo ugali wa manjano ndio umekutia maringo?"

"Nani huyo?" mama akasema, naye yuko hapo hapo, ungeweza kumgusa.

Bi Sikudhani utani ukamkauka mdomoni. Akaja moja kwa moja mpaka kwa baba, ndoo yake ameiacha kisimani. "Baba Zai," akasema, "mke wako haoni. Mpeleke hospitali. Mimi si mtu wa kutoonekana."

Kilosa walimpima, wakampima tena, wakasema aende Dar es Salaam, kuna uvimbe ndani ya kichwa. Asubuhi ya kuondoka Bi Sikudhani alimsuka mama mistari ya kurudi nyuma, ule msuko rahisi tunaouita twende kilioni, ili asiende mjini kichwa kimetawanyika. Wakapanda treni, yeye na baba. Mimi niliachwa kwa Bi Sikudhani, ambaye alinilisha vizuri na kunitukana asubuhi na jioni kama ilivyo haki yake.

Kilichotokea huko Dar nilikuja kusimuliwa na baba, tena kwa miaka mingi, kipande kipande. Kabla ya kumpasua walimnyoa. Walikata ile misuko kwanza kwa mkasi, kisha wakapitisha wembe. Mhudumu akaja na ufagio. Baba akamzuia. Kwetu nywele za mtu haziachwi kwa watu usiowajua. Mtu mbaya akizipata, amekupata wewe. Kwa hiyo baba aliinama sakafuni, akaziokota zote, akazifunga kwenye kanga ya mama. Yeye mwenyewe hakuweza kuondoka, na kukaa na nywele hospitalini aliona ni hatari. Akampata msafiri wa treni anayekuja huku, akampa lile furushi na maneno yake yote: hizi ni nywele za Mwanaidi, mwenyewe yupo, anapasuliwa, ziwekeni mahali salama mpaka arudi.

Msafiri alikuwa anaendelea mbele. Kilosa alimpa mpagazi wa stesheni kupitia dirishani, treni iko karibu kung'oka. Mpagazi akampa muuza dagaa wa baiskeli. Kila aliyepokea alipokea kanga yote na maneno nusu. Furushi lilipoingia uani kwetu maneno yalikuwa yamekwisha njiani. Muuza dagaa alisema tu, "Hii imetoka Dar, ni ya kwa Mwanaidi," akapiga kengele yake, akaenda.

Sasa, kwetu, mtu akifia mbali na mwili ukashindikana kuletwa, huletwa nywele zake. Tunazizika, ili naye awe na mahali. Ndivyo tulivyo. Bi Sikudhani akafungua kanga akiwa amekaa kizingitini, mimi nimeegemea mgongo wake. Akaishika ile misuko, akaipitisha kwenye vidole mstari mmoja mmoja.

"Huu mkono wangu," akasema taratibu. Kisha akapiga ukelele ambao ulivusha watu bondeni.

Mjomba Hamisi alifika kutoka Mikumi siku ya pili, amepewa lifti na lori la mbao. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, ana banda la chai pale wanapoegesha magari makubwa yanayokwenda Iringa. Na huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Watoto wa dada yake ni wake, shamba la dada yake liko chini ya kauli yake. Baba ni mgeni aliyekaribishwa. Mjomba akaangalia nywele, akalia kidogo, akasema zizikwe.

Mwalimu wa madrasa ndiye peke yake aliyesumbua. "Nani kasema amekufa?"

"Mwalimu, nywele zimekuja."

"Nywele nimeziona. Nauliza, nani kasema?"

"Sasa wewe ulitaka aje aseme mwenyewe?" Mjomba akamjibu.

Mwalimu akasema yeye nywele hazisalii. Aliomba dua, akakaa pembeni, akala pilau. Pilau ilipatikana, sijui kwa namna gani, katika mwaka ule; nakumbuka weupe wa wali baada ya miezi ya njano, na nakumbuka nilifurahi. Sisemi kwa kujutia. Mtoto hula.

Kaburi lilikuwa dogo, kama la kitoto kichanga, pembeni ya babu. Watu walipotoka makaburini, Bi Sikudhani akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la mama la buluu. Lilimbana, mishono inalia. Akajinyoosha awe mrefu, akatembea kwa hatua za mama, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Zaituni! Hiyo sufuria umeiosha au umeilamba?" Sauti ilikuwa ya mama kabisa. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikacheka mpaka nikapata kwikwi. Ndivyo watani wanavyofanya kazi yao. Kisha matanga yakaanuliwa, vitu vya marehemu vikagawanywa, shamba na jembe vikaenda kwa binamu zake, gauni likabaki kwa Bi Sikudhani kama ujira wa utani. Mjomba akatamka kwamba mimi, baada ya mavuno, nitakwenda kukaa kwake Mikumi.

Mavuno hayakufika. Walifika wao.

Ilikuwa mchana, jua limesimama. Bi Sikudhani yuko uani anapepeta, ndani ya gauni la buluu. Nikaona watu wanakuja njiani, baba mbele, na nyuma yake mwanamke aliyejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, mkono wake uko begani kwa baba. Jirani wa ng'ambo aliyekuwa anaanika mhogo akaacha mhogo, akaingia ndani, nikasikia komeo. Watoto walikimbia. Bi Sikudhani alikuwa mnene, hakuwa na namna ya kukimbia, akabaki na ungo wake mkononi.

"Hodi," baba akasema. "Mbona kimya hivi? Zai yuko wapi?"

"Baba Zai. Huyo uliyemshika ni nani?"

"Si mke wangu? Ama umekuwa kipofu na wewe?"

Ndivyo tulivyopata habari, kwa mdomo wa baba uliochoka. Lile "na wewe" likakaa pale uani, kila mtu analitazama.

Mama akaachia bega, akapiga hatua kufuata sauti, mkono mbele. Ulitua kwenye mkono wa gauni. Vidole vikatembea juu ya mshono, vikarudi.

"Hili gauni langu. Hapa nilishona na uzi wa gunia."

"Nimekurithi, shoga," akasema Bi Sikudhani. "Tulikuzika."

"Mlinizika?"

"Vizuri tu. Na nimekuigiza, watu wamevunjika mbavu."

Ningependa kuandika kwamba mama alilia, ingekuwa hadithi nzuri, lakini hakulia. Akasema, "Vua."

"Hapa uani?"

"Hapa hapa. Mimi sioni, nani mwingine anayekutaka?"

Bi Sikudhani akakaa chini palepale juu ya makapi, akalia kile kilio ambacho msibani alikuwa hajakilia. Mama akabaki amesimama juu yake, anampapasa kichwa, anamwambia mtani gani wewe, unanitia aibu.

Kisha akaniita. Nilikuwa mbele yake kabisa, nyuma ya ungo. Macho yake yalikuwa wazi, mazuri kama siku zote, hayana doa wala kidonda. Yakapita juu yangu, yakaenda kwenye paa, yakarudi, yakapita tena. Mtu asiyekuona unaweza kumsamehe. Mtu anayekutazama asikuone, hilo ni jambo jingine, na mtoto hana pa kuliweka. Sikusogea. Baba alinishika akanisukuma mikononi mwa mama, naye akanisoma uso kwa vidole, nami nikawa mgumu kama gogo kwa sababu nilijua ninachojua: huyu tulimzika.

Siku zilizofuata nilimchunguza. Alikula, kwa hiyo si mzimu. Alinitukana, kwa hiyo ni yeye. Sasa kwa nini haoni? Watu wazima walinong'ona kuhusu kisu na madaktari, lakini mimi nilikuwa na jibu bora kuliko lao. Nilifikiri hivi. Nywele zinaota kichwani, macho yako kichwani, ni kitu kimoja. Nywele tumezifukia. Kwa hiyo kule zilipo ni giza, ni udongo mtupu, na mama anaona kile zinachokiona nywele zake. Sisi ndio tuliompa giza. Tukizitoa juani, ataona. Nilishangaa watu wote wakubwa wale wamekaa na kusikitika wakati dawa iko hatua chache pembeni ya babu.

Nikaenda mchana, saa ya kulala, na kifuniko cha sufuria. Udongo ulikuwa bado laini. Kanga ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki matundu na pindo, lakini nywele hazikuwa zimepungua hata moja. Misuko mizima, myeusi, imejaa mchanga. Nikazikung'uta. Nikazianika kwanza juu ya jiwe, zipate mwanga wa kutosha. Niliona ni vizuri zizoee kidogokidogo. Halafu nikazibeba ndani ya gauni langu mpaka nyumbani.

Mama alikuwa amekaa barazani anachambua mboga kwa vidole. Kitambaa alikuwa amekivua kwa joto. Hapo ndipo nilikiona kichwa chake vizuri: nywele mpya fupi kama nyasi baada ya moto, na kovu limezunguka kutoka sikio mpaka juu ya paji, kama mshono wa mfuko. Nikapanda juu ya kigoda nyuma yake, nikamwekea misuko kichwani. Nikaipanga mistari ya kurudi nyuma kama ilivyokuwa. Kisha nikashuka, nikaja mbele yake, nikasimama nionekane.

"Zai. Nini hiki?"

"Nywele zako, mama. Sasa tazama."

Akainua mkono, akashika msuko mmoja ulioning'inia. Akaunusa. "Zina udongo," akasema. "Zilikuwa wapi?"

"Kaburini kwako."

Nilingoja. Nilitingisha mkono mbele ya macho yake, nikatingisha tena. Yakaendelea kutazama juu ya bega langu kule kwenye migomba. Ndipo nikaanza kuona kwamba huenda sikuzianika vya kutosha, nikamwambia hivyo, nizirudishe juani mpaka kesho?

Mama akaziondoa moja moja, akaziweka mapajani. Akanivuta nikakaa. Mkono wake ulikuwa mzito vilevile. Aliongea nami kama anavyoongea na mtu mzima, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Sikiliza. Hakuna aliyeniibia macho. Ule uvimbe ulikuwa umekaa juu ya mishipa ya macho, kama jiwe juu ya mizizi. Daktari aliniambia kabla. Aliniambia kwa mdomo wake, na mhudumu akarudia ili nielewe. Uvimbe ukibaki, utakufa, na macho yatakwenda kwanza. Tukiutoa, unaweza kupona, lakini katika kuutoa macho yanaweza kwenda. Akasema kashauriane na mumeo. Nikamwambia mume wangu yuko nje analia, lete wino. Nikaweka dole gumba mwenyewe. Nilipoamka nikauliza, mbona hamjawasha taa? Mhudumu akanishika mkono. Basi, nikajua."

"Hayatarudi?"

"Walisema labda kidogo. Mpaka leo hayajarudi. Usiende tena kuchimba."

"Lakini nywele zilikuwa gizani, mama."

"Nywele hazioni, Zai. Ungeniwekea kichwani mkia wa ng'ombe ingekuwa sawasawa." Akacheka, cheko fupi la puani. "Ila umezisafisha vizuri."

Akaniambia nizitie motoni, zisibaki za kuzikwa mara ya pili. Yeye mwenyewe akaja mpaka kwenye mafiga kwa kupapasa ukuta, akasimama hapo moshi unampiga, akangoja mpaka ziishe. Harufu ilijaa uani. Bi Sikudhani akachungulia kwenye ua.

"Nani anachoma kichwa cha mbuzi bila kuniita?"

"Ni mimi," mama akasema. "Mbuzi mwenyewe."

Mimi nilikaa pembeni ya moto na nilikuwa mtu mwingine. Sikulia. Nilikuwa nimeelewa jambo kubwa na lilikuwa baya: kwamba hakuna tulilofanya, kwa hiyo hakuna tunaloweza kutangua. Nikabadilisha mpango. Kama macho yake hayarudi, nitakuwa macho yake mimi. Nitamshika mkono kutoka asubuhi mpaka jioni, sitauachia, na hatanitazama tena asinione, kwa sababu nitakuwa nimemshika.

Kumbe Mjomba Hamisi alikuwa na mpango huohuo. Habari ya kaburi lililofukuliwa ilimfikia Mikumi, akaja na baiskeli ya kuazima, amevaa koti. Alikaribishwa barazani. Nikampigia magoti kidogo, "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mchimba makaburi." Watu wakacheka. Baba alikuwepo, Bi Sikudhani alikuwepo ndani ya nguo zake mwenyewe, na mwalimu wa madrasa, ambaye tangu mama arudi alikuwa anapita kwetu kila siku bila sababu, anatabasamu.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Nataka ieleweke. Alikuwa amefikiri. Akasema dada, Mungu amekurudisha, sisi tulikosea, tusizungumze zaidi. Lakini hali ndiyo hii. Shamba nililitamka kwa binamu zako, wameshaingia, na hata nikilirudisha utalilima na nini? Mumeo mwanamume mmoja ana mikono miwili. Njoo Mikumi. Pale kwangu, mbele ya banda, barabara haikauki magari, mabasi yanasimama ili watu wale, na msafiri ana moyo mwepesi wa kutoa, hasa anapoona mama mtu mzima na kovu kama hilo. Utakaa kivulini kwenye kiti, sitakuweka chini. Mtoto atakuongoza. Shule ataachia hapo alipofika, kusoma jina lake amekwisha jua, msichana anahitaji nini zaidi? Mtakula mkate na chai kila siku ya Mungu.

Halafu akaenda kwenye baiskeli, akaleta fimbo. Alikuwa ameichonga mwenyewe, ndefu, nyeupe, imesuguliwa kwa mafuta mpaka inateleza. Ncha moja akamkaribishia mama, nyingine akanitia mimi mkononi. "Shika uone," akaniambia. Ilinitosha. Ilikuwa imechongwa kwa kimo changu.

Na mimi nilitaka. Hilo ndilo nililoliruka nilipomweleza mjukuu wangu. Nilitaka mkate, nilitaka magari, lakini zaidi nilitaka ile fimbo, mama upande ule na mimi upande huu, kila siku, asiweze kwenda popote bila mimi. Niligonga ardhi nayo mara moja, kwa furaha.

"Sauti gani hiyo?" mama akauliza.

"Fimbo, mama. Nimeshika mimi."

Akanyoosha mkono. Nikadhani anaipokea. Aliifuata kwa vidole kutoka ncha yake mpaka yangu, akafika kwenye ngumi yangu, akaifungua kidole kwa kidole kama anavyomnyang'anya mtoto kisu, akailaza fimbo chini nyuma yake. Nilihisi nimepigwa. Baba alitazama miguu yake. Mwalimu hakutabasamu.

"Siendi Mikumi," mama akasema. "Mtoto hashiki fimbo. Jembe langu liko kwa nani?"

Mjomba akakohoa, akaona labda hakueleweka. Akaanza upya, yote, barabara, mabasi, kiti, mkate, safari hii kwa sauti ya juu na maneno yamekatwakatwa, kana kwamba kule Dar walichomtoa ni masikio. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye mjomba wa mtoto. Akamkumbusha kwamba haoni. Mama alimwachia aseme mpaka mwisho, uso ameuelekeza sawasawa pale sauti inapotoka, na alipomaliza alingoja kidogo, kama kuna jingine. Halikuwepo.

"Siendi Mikumi. Mtoto hashiki fimbo. Jembe langu liko kwa nani?"